Kwa Bodi ya Filamu: Kuna Mfululizo wa Kijasusi Unaoonyeshwa Bila Lebo

Kwa: Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, Nairobi
Kutoka: Wapenzi wa filamu za kijasusi, Kibera na Kawangware
KUH: OMBI LA KUAINISHWA KWA FILAMU YA SUBARU

Bodi tukufu,

Wakazi wa Kibera na Kawangware wanaanza kwa shukrani. Bila Bodi hii, watoto wa Gatwekera, Laini Saba, Gatina na Congo wangekuwa wamepotoka kitambo. Bodi ndiyo iliyopiga marufuku The Wolf of Wall Street mnamo Januari 2014. Bodi ndiyo iliyoizuia Rafiki ya Wanuri Kahiu mwezi Aprili 2018, wiki chache kabla ya filamu hiyo kuwa ya kwanza kutoka Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Mahakama Kuu iliposimamisha marufuku hiyo kwa siku saba mwezi Septemba, watu walifurika sinema ya Prestige kwenye Barabara ya Ngong, mahali ambapo mtu wa Kibera hufika kwa miguu, na tiketi zikaisha. Hapo ndipo jiji lilipong'amua kwamba hakuna anayejua kuitangaza filamu kama Bodi, tena bila malipo.

Kwa hivyo barua hii haikuandikwa kwa ubaya. Imeandikwa kwa sababu upo mfululizo mmoja wa kijasusi, wenye bastola, barakoa, pasi za watu wengine, ndege za usiku na magari yasiyojulikana mwenyewe, ambao umekuwa ukionyeshwa Nairobi kwa zaidi ya miaka 25. Hauna lebo ya umri. Hauna kibali. Hauzimiki hata stima ikipotea. Kiingilio ni bure, na watoto wanakaa mstari wa mbele.

Kabla ya kufika huko, Bodi ikumbushwe kidogo banda la video ni nini, maana huenda maafisa wake huliona tu siku ya msako. Ni chumba cha mabati. Dirisha limezibwa kwa gunia ili mwanga usiingie. Mabenchi hayana mgongo, runinga ni moja, spika ni mbili na kila moja ni kubwa kuliko runinga. Mlangoni kuna ubao wa chaki: saa nane Kihindi, saa kumi Kichina, jioni mpira wa Uingereza. Kiingilio hulipwa kwa sarafu, isipokuwa siku ambayo Arsenal wanacheza.

Ndani ya banda hilo jasusi wa Marekani hazungumzi Kiingereza. James Muigai, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la DJ Afro, alijenga jina lake kwa kusimulia filamu za wageni kwa Kiswahili cha mtaani. Anashusha sauti ya Hollywood, anapandisha yake, na anamfichulia mtazamaji msaliti ni nani kabla mkubwa wa ujasusi mwenyewe hajashtuka. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kampala wana VJ Jingo. Kwa wasimuliaji wa aina hii, stelingi akiruka kutoka ghorofani hatui kama Tom Cruise. Anatua kama abiria wa matatu ya 46 aliyeshushwa kabla gari halijasimama, na banda zima linaelewa maumivu yake. Mwandishi wa barua hii anaamini kwamba hakuna chuo cha filamu nchini kilichowahi kufundisha Kiswahili cha kusimulia kwa watu wengi kiasi hicho, na kwa bei hiyo.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ambayo mkoloni aliiacha mezani akifunga mizigo, inataka kila anayeonyesha filamu kwa umma awe na leseni, na filamu yenyewe iwe imepimwa. Maafisa wamezuru mabanda kwa sababu hiyo, wakabeba vifaa, na pengine wakambeba na mwenye vifaa. Sababu hutajwa moja: watoto. Hakuna wa kuipinga. Anayewafungulia watoto wa shule filamu ya watu wazima saa nne asubuhi anastahili kukemewa, na mama yeyote wa Makina angemkemea kabla ya Bodi kuvaa viatu.

Lakini hebu tuitazame hiyo filamu ya kutisha inayozuiwa.

Mara nyingi ni jasusi mmoja dhidi ya ulimwengu, na ulimwengu huo, ukifika kwetu, huwa umepigwa picha mahali pengine. Katika Casino Royale ya 2006 kuna msitu ulioandikwa Mbale, Uganda. Watu wa Mbale wanaoujua mji wao chini ya Mlima Elgon wameutafuta msitu huo hadi leo. Katika Eye in the Sky ya Gavin Hood, Helen Mirren anawinda magaidi Eastleigh kwa ndege isiyo na rubani, na wapiganaji wenye bunduki wanatamba mitaani kana kwamba serikali ilihama. Eastleigh hiyo ilijengwa Afrika Kusini. Hakuna hata duka moja la vitambaa lenye foleni, hakuna kelele za makanga, hakuna mtu anayebishana bei. Kama Bodi ingetaka kulinda maadili, ingeanza na maadili ya kutosingizia mtaa wa watu.

Kibera yenyewe ilibahatika kuliko Eastleigh. Mwaka 2004 Fernando Meirelles, Mbrazili aliyekwisha kupata sifa kwa City of God, alileta kamera hapa kupiga The Constant Gardener, kutokana na riwaya ya John le Carré ya 2001. Le Carré hakuwa akibahatisha. Kabla ya kuwa mwandishi alifanya kazi katika idara za ujasusi za Uingereza, MI5 na kisha MI6. Hadithi yenyewe ni ya mke wa mwanadiplomasia wa Uingereza anayeuawa baada ya kugundua kwamba dawa mpya ya kifua kikuu inajaribiwa kwa maskini wa Nairobi, na kwamba wakubwa wa ubalozini na wa London wanajua na wamenyamaza. Rachel Weisz, aliyeigiza mke huyo, alipita kwenye vichochoro vya Kibera akiwa na mimba ya bandia, na Machi 2006 akapewa Oscar. Waliotengeneza filamu hiyo waliacha mfuko wa hisani kwa ajili ya Kibera na Loiyangalani, na haki isemwe: si kila mgeni anayepiga picha reli ya Kibera hukumbuka kwamba kuna watu pembeni mwa hiyo reli.

Sasa uhondo. Mwaka huohuo wa 2004, upande wa pili wa jiji, John Githongo, Katibu wa Kudumu wa Utawala na Maadili katika Ofisi ya Rais, alikuwa akiwarekodi wenzake serikalini kwa kinasa sauti alichokificha, huku wakimshawishi apunguze mwendo katika uchunguzi wa kashfa ya Anglo Leasing. Julai ya mwaka huo balozi halisi wa Uingereza, Edward Clay, aliwaambia wafanyabiashara jijini Nairobi kwamba walafi wa serikali wamekula hadi wanawatapikia wafadhili viatuni. Februari 2005 Githongo alijiuzulu akiwa London, akabaki huko. Mwaka uliofuata sauti alizorekodi zikasikika BBC. Yaani wakati mwanadiplomasia wa kubuni akifuatilia siri za wakubwa mbele ya kamera za Kibera, mwenye siri za kweli alikuwa anazibeba mwilini, bila mwongozaji wa kumwambia tukio limekwisha na sasa aende nyumbani akalale.

Hiyo si sehemu ya kwanza ya mfululizo. Ya kwanza ambayo wengi wanaikumbuka ilitoka Februari 1999, Tom Cruise akiwa bado hajatoa sehemu ya pili ya Mission: Impossible. Abdullah Öcalan, kiongozi wa chama cha PKK cha Wakurdi, alikuwa amefichwa katika makazi ya balozi wa Ugiriki hapa Nairobi, akiwa na pasi ya Cyprus yenye jina la mwandishi wa habari Lazaros Mavros. Tarehe 15 alitolewa humo akidhani anaelekea Ulaya. Ndani ya ndege aliwakuta makomando wa Uturuki. Athens ilitikisika, mawaziri watatu wa Ugiriki wakaachia ngazi. Nairobi iliamka, ikapanda matatu, ikaenda kazini.

Sehemu ya Armenia ndiyo iliyokuwa na mavazi mazuri. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia kampuni ya habari ya Standard Group, wakazima matangazo ya runinga yake ya KTN na kuteketeza magazeti yaliyokuwa yamechapishwa. Waziri wa Usalama wa Ndani, John Michuki, hakuficha: alisema anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa. Kisha wakajitokeza Waarmenia Artur Margaryan na Artur Sargsyan, waliojiita ndugu, minyororo ya dhahabu shingoni, makazi yao Runda. Hayati Raila Odinga, wakati huo mbunge wa Lang'ata, eneo ambalo Kibera yote ilikuwa ndani yake, aliwataja kuwa mamluki. Tarehe 8 Juni walichomoa bastola katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na kesho yake wakafukuzwa nchini. Vitambulisho vya polisi vya vyeo vya juu vikaonekana kwao. Tume ya kuchunguza mkasa huo ikaundwa chini ya Shedrack Kiruki, mkuu wa zamani wa polisi. Mwandishi yeyote akipeleka hadithi hii Hollywood atarudishiwa karatasi zake na kuambiwa kwamba watazamaji hawatakubali majambazi wawili wenye jina moja.

Huo ulikuwa wakati wa kucheka. Mfululizo umebadilika tangu hapo, na hata lugha ya barua hii inabidi ibadilike kidogo.

Toleo la sasa lilianza kupata watazamaji wengi Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha. Gari lake kuu ni Subaru. James Bond huendesha gari ambalo kila mtu analitamani. Hapa gari linakuja bila alama, namba zake hazisaidii, wanaoshuka wamefunika nyuso, na anayeingizwa ndani haambiwi anapelekwa wapi. Oktoba mwaka huo raia wa Uturuki waliokuwa wakimbizi walichukuliwa Nairobi, na wizara ya mambo ya nje ikathibitisha kwamba wanne kati yao walirudishwa kwao kwa ombi la Ankara. Ni wazi kampuni ya 1999 ilipenda mandhari. Novemba 16 mwanasiasa wa Uganda Kizza Besigye alitoweka akiwa Nairobi. Tarehe 20 alionekana akiwa kizimbani katika mahakama ya kijeshi Kampala. Mpaka wa Busia una foleni ya malori. Yeye hakuona foleni.

Bodi isidhani mambo haya hufanyika mbali na wateja wa banda. Kawangware imepakana na Lavington. Watu wake ndio wanaofungua mageti ya Lavington, Kileleshwa na Riverside usiku, ndio wanaofua nguo, ndio wanaopeleka maziwa alfajiri. Sehemu nyingi za mfululizo huu huonekana na bawabu wa Kawangware kabla hazijafika gazetini, na bawabu huyo anajua kwamba kazi yake, na pengine zaidi ya kazi, inategemea kusema hakuona kitu. Akitoka zamu, ana haki ya kuingia bandani kumwangalia jasusi ambaye angalau anafahamika ametumwa na nani.

Hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya kiufundi. Filamu ikiisha, majina ya waliohusika hupita kwenye skrini: mtayarishaji, mwongozaji, hata aliyepika chai. Hii haina majina. Desemba 2024 Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisema polisi hawahusiki na utekaji huo. Januari 2025 Justin Muturi, aliyekuwa bado waziri katika serikali hiyohiyo, alitoa taarifa kwamba mwanawe alichukuliwa Juni 2024 na Idara ya Taifa ya Ujasusi, na kwamba aliachiliwa baada ya Rais kumpigia simu mkuu wa idara hiyo. Waziri mzima, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu na Spika wa Bunge, alihitaji simu ya Rais ili mwanawe arudi nyumbani. Mama mboga wa soko la Toi ampigie nani?

Hata mahakama imejaribu kumpata mtayarishaji. Septemba 2024 aliyekuwa akikaimu uinspekta jenerali, Gilbert Masengeli, alihukumiwa miezi sita gerezani kwa kudharau amri ya kufika mahakamani kueleza walipo watu watatu waliochukuliwa Kitengela. Siku chache baadaye watatu hao walipatikana, hukumu ikaondolewa, na yeye hakulala gerezani.

Sura ya 222 ina kifungu kinachomruhusu afisa wa polisi kuwapo filamu inapopigwa na kusimamisha onyesho lenye hatari. Kifungu kizuri sana. Mtazamaji wa Kibera anauliza tu: afisa na mwigizaji wakiwa wamefunika nyuso wote, Bodi itamjuaje wa kumsimamisha mwenzake?

Ipo na sehemu inayogusa kazi ya Bodi moja kwa moja. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi wakihusishwa na Blood Parliament, filamu ya BBC kuhusu mauaji ya waandamanaji nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024. Waliachiliwa siku iliyofuata. Vifaa vyao vikabaki kwa polisi. Miezi michache baadaye wataalamu wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walichunguza simu zilizorudishwa wakakuta programu ya kijasusi iitwayo FlexiSPY imewekwa ndani, katika muda ambao simu hizo zilikuwa mikononi mwa polisi. Bodi imezoea kuwatazama watengenezaji filamu. Hapa kuna filamu inayowatazama wao, na haijulikani nani aliipa leseni ya maonyesho.

Basi wakazi wanaomba lebo. Lebo zipo tayari: GE kwa watu wote, PG kwa mwongozo wa mzazi, 16, na 18. Kwa kuwa mfululizo huu unaonyeshwa mchana, barabarani, karibu na shule, inaonekana Bodi imekwisha kuupa GE kimyakimya. Au labda ni PG. Tarehe 27 Desemba 2024 Rais William Ruto, akiwa Homa Bay, aliahidi kukomesha utekaji nyara, na papo hapo akawataka wazazi wawajibike kwa watoto wao. Ikiwa huo ndio mwongozo wa mzazi, wazazi wa Olympic na Kabiro wangependa kuelezwa utaratibu: mzazi amfunike mtoto macho Subaru inapopita, au amfunike mtoto mwenyewe?

Na kama ni 18, Bodi iandike hivyo kwenye milango ya magari. Wino hauna gharama kubwa. Msako wa mabanda ukisitishwa kwa mwezi mmoja, mafuta yatakayobaki yatatosha kuyafuata magari hayo hadi yanakoegeshwa. Maafisa wa Bodi wana uzoefu wa kuingia mahali bila kualikwa na kuuliza leseni iko wapi. Hakuna idara nyingine iliyojaribu swali hilo upande huu.

Wakati majibu yakisubiriwa, wenye mabanda waachwe na runinga zao. Wapewe leseni kwa bei ambayo mtu anayekusanya sarafu anaweza kulipa, waelekezwe saa za watoto na saa za watu wazima, na wasimuliaji wao watambuliwe kama wasanii. Hakuna wanachoonyesha humo ambacho mtoto wa Kibera au Kawangware hajakiona nje, isipokuwa mwisho ambapo aliyetekwa anarudi nyumbani na mtekaji anakamatwa.

Mwishoni mwa Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu Kenya ilisema imehesabu visa 82 vya watu kutekwa au kutoweshwa tangu Juni mwaka huo, na kwamba watu 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani walipo. Bodi ikikosa pa kuanzia kazi, ianze na hao 29.

Wasalaam,
Wapenzi wa filamu za kijasusi,
Kibera na Kawangware